Sura ya Tatu: Maji Kwanza, Samaki Baadaye

Maji ya bomba mjini Shinyanga ni maji ya Ziwa Victoria. Yanavutwa Ihelele, wilayani Misungwi, yanasafishwa huko huko karibu na ufukwe, kisha yanasukumwa kwa mabomba hadi Kahama na Shinyanga. Rais Jakaya Kikwete aliuzindua mradi huo mwaka 2009. Kabla ya hapo mji ulitegemea Bwawa la Ning'hwa, na aliyekulia Ngokolo au Ndembezi enzi hizo anakumbuka kiangazi kilivyokuwa. Watu wengi huyahesabu maji haya kwa ndoo na kwa bili. Anayetaka kufuga samaki wa mapambo ana sababu nyingine ya kuyathamini: ni maji ambamo samaki wa ziwa walizaliwa na kugawanyika katika spishi zao kwa maelfu ya miaka. Mfugaji wa Ujerumani au Marekani anayetaka samaki wa Victoria hulazimika kupima maji yake na kuyarekebisha hadi yakaribiane na ya ziwa. Wewe unafungua koki tu.

Sura hii ina ushauri mmoja, na mengine yote yanautumikia. Andaa maji, yaache yakomae, halafu weka samaki wadogo wa kwetu, tena wachache. Tangi likinunuliwa Jumamosi asubuhi na samaki wakatiwa jioni, mara nyingi wiki ya pili haiishi kabla hawajaanza kuelea. Mwenye tangi hulaumu samaki, hulaumu muuzaji, huamua kwamba kazi hii ni ya wazungu na wenye fedha. Si kweli hata kidogo. Kilichokosekana ni wiki tano za subira, na subira hainunuliwi.

Tuanze na klorini. Inatiwa katika maji ya bomba ili yasituletee kipindupindu na homa ya matumbo, na ni jambo jema. Lakini klorini hiyo hiyo huunguza matamvua ya samaki, na samaki aliyeungua matamvua hufa kwa kukosa pumzi hata akiwa katika maji mengi. Dawa yake ni rahisi: kinga maji katika ndoo au beseni pana, yaache wazi kwa saa 24 hadi 48, ikiwezekana mahali penye upepo, na klorini itapotea hewani. Funika kwa kitambaa chepesi mbu wasitage. Usitumie kipande cha chandarua chenye dawa. Dawa zinazotiwa kwenye vyandarua ni za jamii ya pareto za viwandani, na kiasi kidogo mno kisichomdhuru mtoto anayelala ndani ya chandarua hicho kinaweza kumaliza samaki wote wa tangi. Nitalirudia jambo hili baadaye, kwa sababu ndilo linaloua samaki wengi majumbani bila mtu kujua.

Maji mengine yaliyopo mkoani si ya kuanzia. Baadhi ya visima virefu vya Shinyanga vina floraidi nyingi, na chumvi za kisima kimoja si chumvi za kingine, kwa hiyo ukikutana na tatizo hutajua limetoka wapi. Maji ya lambo yana udongo wa mbuga ambao hautulii hata ukiyaacha wiki nzima, maana chembe zake ni ndogo kiasi cha kuelea daima. Zaidi ya udongo, mvua za kwanza huteremsha lamboni kila kilichopuliziwa mashambani, na hii ni nchi ya pamba. Kuna pia kichocho. Konokono wa jamii ya Bulinus wanaokaa kwenye malambo yetu ndio wanaobeba vimelea vya kichocho cha mkojo, na mkono unaozama kwenye tangi lenye konokono hao umezama lamboni.

Upande wa Geita, Msalala na vijiji vya wachimbaji, nakusihi uwe mkali kuliko mahali pengine popote. Usichukue maji ya shimo, ya duara lililojaa, wala ya kijito kinachopita chini ya mialo ya kuchenjulia dhahabu. Zebaki inayotumika kukamata dhahabu haiishi kwenye kaniki na beseni. Inabaki ndani ya marudio, mvua inayachukua, na ikifika kwenye tope lisilo na hewa bakteria huigeuza kuwa aina inayoingia mwilini mwa samaki na kukaa humo. Rwamagasa ilikuwa moja ya sehemu zilizochunguzwa na mradi wa zebaki wa UNIDO mwanzoni mwa miaka ya 2000, na marudio na mashapo ya vijito vya huko yalikuwa miongoni mwa vitu vilivyopimwa. Sianidi ya kwenye plenti ina haraka zaidi: chini ya robo ya miligramu katika lita moja inatosha kuua samaki wa aina nyingi. Pipa au ndoo iliyowahi kubeba kemikali ya kuchenjulia haifai kwa maji ya samaki hata ukiisugua mara ngapi, na haifai kwa maji ya kunywa ya watoto wako pia. Chumba kinachochomewa zebaki hakifai kwa tangi, na kabla ya kufikiria tangi hakifai kwa mtu kulala.

Mawe nayo yachague kwa akili ile ile. Jiwe la kutoka mgodini lenye punje za manjano zinazong'aa linavutia, na anayeliona hudhani litapendeza chini ya taa. Mara nyingi punje hizo ni madini ya chuma na salfa, ambayo yakikaa katika maji yenye hewa huoza taratibu, hutoa kutu na tindikali, na pengine huachia arseniki iliyoshikamana nayo. Liache huko huko. Chukua mawe ya graniti, yale ya majabali yaliyotapakaa Usukumani kote, hayabadilishi maji. Ukiwa na shaka kwamba jiwe ni la chokaa, lidondoshee ndimu au siki kali: likitoa povu, litaongeza ugumu wa maji, liweke kando. Mchanga nunua wa mtoni, ule wa kujengea ulio safi, usiotoka karibu na machimbo, kisha uoshe ndoo kwa ndoo hadi maji yatoke meupe. Kazi ya kuosha mchanga inachosha na watu huikatisha njiani. Wanaoikatisha hukaa na tangi la ukungu kwa mwezi mzima.

Sasa tangi lenyewe. Huna haja ya kuagiza Dar es Salaam. Fundi vioo wa Shinyanga mjini, Kahama au Geita anaweza kukukatia vipande vitano vya kioo cha milimita 6: kitako cha sentimita 60 kwa 30, mbele na nyuma 60 kwa 30, na mbavu mbili za 28.8 kwa 30, ili mbavu ziingie katikati ya mbele na nyuma juu ya kitako. Mwambie akusugulie kingo. Gundi ni silikoni ile inayonuka siki inapokauka. Ile iliyoandikwa kwamba inazuia ukungu wa bafuni ina sumu, usiitumie. Liache likauke wiki nzima, kisha lijaze maji nje ya nyumba na ulitazame siku mbili kabla hujaliingiza sebuleni.

Tangi la vipimo hivyo linabeba karibu lita 51 likijaa pomoni, na ukijumlisha kioo, mchanga na mawe, unaweka ndani ya nyumba uzito wa karibu kilo 75. Meza ya televisheni yenye miguu myembamba hailiwezi. Fundi seremala akutengenezee stendi, au tumia matofali na ubao mnene. Pima usawa kwa pima maji, na chini ya kioo tandika sponji nyembamba au foronya iliyokunjwa vizuri ili punje moja ya mchanga isije ikapasua kitako. Liweke mbali na dirisha la jua, maana jua la Shinyanga litakuzalia mwani wa kijani kwa siku chache. Liweke mbali pia na stoo inayohifadhi dawa za pamba na bomba la kupulizia.

Hapa ndipo ninaporudia lile la dawa. Dawa ya mbu ya kopo inapopulizwa chumbani, matone yake hutua juu ya maji. Pampu ndogo ya hewa ikiwa inafanya kazi, inavuta hewa hiyo hiyo na kuizamisha ndani ya tangi. Mtu anayetoka kupulizia shamba akanawa kwa haraka na kutia mkono kwenye tangi, amemwaga sumu. Kanda ya Ziwa imewahi kuwa na kampeni za kupulizia dawa ukoko kwenye kuta za nyumba, na siku kama hiyo ikifika tangi lifunikwe kabisa kwa nailoni na pampu izimwe, au lihamishwe. Weka sheria nyumbani, na uwaeleze watoto na msaidizi wa kazi sababu yake. Sheria isiyoelezwa haifuatwi.

Kifaa kimoja tu cha umeme ndicho cha lazima: pampu ya hewa inayosukuma mapovu kupitia kichujio cha sponji. Mapovu yanayopanda huvuta maji yapite kwenye sponji, uchafu unanasa, na ndani ya sponji bakteria wanajenga makazi. Hita huna haja nayo. Maji ya chumbani huku yanakaa kati ya nyuzijoto 21 na 28 kwa sehemu kubwa ya mwaka, na samaki nitakaokupendekezea wamezoea hivyo. Tatizo letu ni la upande mwingine. Maji ya moto hubeba oksijeni kidogo: katika usawa wa bahari, maji ya nyuzijoto 20 hushika miligramu 9 za oksijeni kwa lita, na ya nyuzijoto 30 hushika 7.5 tu. Shinyanga iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na kwa urefu huo kiasi hicho hupungua tena kwa takriban asilimia 12. Oktoba, mchana, umeme umekatika na tangi limejaa samaki kupita kiasi: hapo ndipo wanapopanda juu na kuvuta hewa kwa midomo. Pampu ya kuchaji inayotumia pawabenki au sola ndogo inasaidia. Kinachosaidia zaidi ni kuwa na samaki wachache na uso mpana wa maji. Ndiyo maana tangi refu na jembamba lisimamalo wima, hata likiwa na lita zile zile, ni chaguo baya kwetu.

Basi tangi limesimama, mchanga umo, mawe yamo, maji yaliyolazwa yamo, pampu inanguruma. Samaki hakuna. Wiki tano zinaanza.

Kinachotokea katika wiki hizo hakionekani kwa macho, na ndicho kiini cha ufugaji wote. Samaki hutoa amonia kupitia matamvua, na chakula kilichobaki kikioza hutoa amonia pia. Amonia ni sumu. Katika maji kuna bakteria wanaoila na kuigeuza kuwa nitraiti, nayo ni sumu kwa namna nyingine, kwa sababu inaharibu uwezo wa damu kubeba oksijeni. Bakteria wengine huigeuza nitraiti kuwa nitreti, ambayo samaki wanaivumilia na mimea inaila. Katika ziwa kazi hii haikomi. Katika tangi jipya bakteria hao karibu hawapo, na wanazaliana polepole, kwa hiyo amonia inapanda kwanza, kisha nitraiti, na ndipo mambo yanatulia. Maji ya Victoria huelekea upande wa nyongo kuliko tindikali, na hilo linataka uangalifu zaidi: katika pH ya 8 sehemu ya amonia iliyo kali kwa samaki ni karibu mara 10 ya ile ya pH 7.

Unawalisha bakteria kabla ya samaki. Tia punje chache za unga wa dagaa kila baada ya siku mbili, ziozee humo. Maji yatatia ukungu, yatanuka kidogo, kisha yatasafika. Ukimpata mtu mwenye tangi la zamani lenye afya, mwombe akukamulie sponji yake ndani ya ndoo yako. Yale maji machafu ya kahawia ni hazina, na yatakupunguzia wiki mbili. Vipimo vya matone vya amonia na nitraiti huagizwa mjini, na kama fedha ipo, hivyo ndivyo vya kununua kabla ya taa za rangi na mapambo ya plastiki. Ukiwa huna, subiri wiki zote tano kwa ukamilifu, na anza na samaki wawili tu.

Wakati huo mimea inaota. Ziwa linatupa Ceratophyllum, mmea usio na mizizi, wenye majani membamba yanayolizunguka shina. Unaelea au unafungwa kwenye jiwe, na unakula nitreti kwa kasi. Upo pia Vallisneria wenye majani marefu ya utepe. Gugu maji usilibebe, hata kwa uzuri wa ua lake. Limeusumbua mwambao huu tangu mwishoni mwa miaka ya 1980. Mimea ya ziwani iloweke kwanza kwenye ndoo ya peke yake kwa wiki tatu. Vaa glavu, toa kila konokono unayemwona, badilisha maji. Vijikonokono vitakavyoanguliwa baadaye kutoka kwenye mayai yaliyoganda majanini havina kichocho, kwa sababu konokono huambukizwa na vimelea vinavyotoka katika mkojo na kinyesi cha binadamu, na ndani ya ndoo yako hakuna.

Tufike kwa samaki. Mtu akisikia samaki wa mapambo hufikiria samaki wa dhahabu wa Uchina au gapi wa Amerika ya Kusini. Gapi si samaki mbaya: ni mgumu, anazaa watoto walio hai, anakula viluwiluwi vya mbu kwa bidii. Kama uko mbali na ziwa na ndiye unayempata, anza naye. Samaki wa dhahabu mwache. Anakua mkubwa, anachafua sana, na lita 51 ni kifungo kwake. Lakini ukiishi saa chache kutoka Ziwa Victoria, una jambo kubwa zaidi mlangoni.

Ziwa Victoria lilikauka kabisa, au karibu kabisa, yapata miaka 15,000 iliyopita. Lilipojaa tena, furu wakaingia, na ndani ya muda huo, ambao kwa mahesabu ya viumbe ni mfupi mno, wakagawanyika kuwa spishi zaidi ya 500. Wapo wanaokwangua mwani kwenye mawe, wanaovunja konokono kwa taya za kooni, wanaokula samaki wenzao, wanaonyonya mayai na vitoto kutoka midomoni mwa mama wengine. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Leiden, Uholanzi, waliweka kambi Mwanza kuanzia 1977 kuwachunguza, na kikundi chao, HEST, kilijikuta kinaandika kumbukumbu za samaki wanaotoweka. Sangara, aliyeletwa ziwani miaka ya 1950 na 1960, alishamiri katika Ghuba ya Mwanza mwanzoni mwa miaka ya 1980. Miaka ya 1970 furu walikuwa takriban asilimia 80 ya uzito wa samaki wa chini ziwani. Miaka michache baadaye nyavu za watafiti zilipanda karibu bila furu. Inakadiriwa kwamba spishi zipatazo 200 zimepotea. Daraja la Kigongo–Busisi, lililofunguliwa 2025, linapita juu ya ghuba hiyo hiyo, na maelfu wanalivuka kwenda Geita bila kuambiwa kilichotokea chini yao.

Mmoja wa furu wa miambani anaitwa Pundamilia nyererei. Alipewa jina la Mwalimu mwaka 1985. Dume lake lina mgongo mwekundu na ubavu wa manjano wenye mistari myeusi, na wafugaji wa Ulaya na Marekani wanamtunza kwa mapenzi makubwa. Ndugu yake wa karibu, Pundamilia pundamilia, ni wa buluu. Majike huchagua madume kwa rangi, na ndivyo spishi hizi mbili zinavyotengana. Ole Seehausen na wenzake walionyesha mwaka 1997 kwamba maji yakichafuka kwa mbolea, maji taka na udongo, mwanga hupungua, rangi hazionekani, na spishi huanza kuchanganyika. Huku kwetu furu tunamjua kama chambo cha ndoano za sangara, au fungu la bei ndogo sokoni. Inaniuma kwamba mtoto wa Stuttgart anaweza kumwona nyererei akiwaka rangi zake zote, na mtoto wa Nkome hajawahi kumwona isipokuwa amekauka.

Hata hivyo nyererei hafai kwa tangi lako la kwanza. Madume yake ni makali, na anahitaji tangi la urefu wa mita moja na ushei, lita 200 au zaidi, na kundi lenye majike mengi. Weka ndoto hiyo kwa mwaka wa pili. Samaki ninayekupendekezea ni mdogo zaidi na mpole kiasi: Pseudocrenilabrus multicolor, ambaye nitamwita furu mdogo wa matete. Dume hafiki sentimita 9, jike ni dogo zaidi. Anaishi kwenye mafunjo na matete pembezoni mwa ziwa, na katika mito na maziwa madogo ya bonde lake. Dume lina buluu na manjano mwilini, na doa jekundu la chungwa kwenye ncha ya pezi la chini. Jike ni la kahawia iliyopauka. Wafugaji wa Ulaya wamekuwa naye, au na ndugu yake wa Misri, tangu mwanzoni mwa karne iliyopita.

Kuna sababu ya pekee inayomfanya afae Shinyanga. Maji ya ndani ya mafunjo yana oksijeni kidogo sana. Lauren Chapman, mtafiti wa Chuo Kikuu cha McGill cha Kanada, amewachunguza samaki hawa nchini Uganda kwa miaka mingi, na imeonekana kwamba wanaoishi kwenye mafunjo wana matamvua makubwa kuliko wenzao wa maji ya wazi. Umeme ukikatika kwa saa nne, samaki huyu ana uwezekano mkubwa wa kukusubiri.

Wa kuepuka ni wale ambao watu watakuletea kwa nia njema. Mtoto wa kambare anapendeza akiwa na urefu wa kidole, lakini akikua anapita urefu wa tangi lako lote, na atakuwa amekwisha kula wenzake. Kamongo vivyo hivyo. Sato wadogo kutoka bwawa la ufugaji wafuge bwawani. Kuna pia samaki wa ajabu wa jenasi ya Nothobranchius, anayeishi kwenye madimbwi ya msimu hapa Tanzania, ambaye mayai yake hukaa ndani ya tope lililokauka hadi mvua irudi. Yeye anahitaji sura yake, na atapewa.

Kuwapata, zungumza kwanza na afisa uvuvi wa wilaya, kisha na mvuvi mwenye leseni kwenye mwalo, Nkome au penginepo, anayefahamu matete. Usikubali samaki waliovuliwa kwa kokoro au kwa chandarua. Nyavu hizo zimekatazwa, na huzoa makinda ya kila aina. Omba dume moja na majike matatu, wadogo na wachangamfu, wasio na vidonda wala mapezi yaliyoliwa. Wasafirishe kwenye mfuko mnene wa nailoni, theluthi moja maji ya pale walipovuliwa na theluthi mbili hewa, ufungwe vizuri na uwekwe ndani ya ndoo yenye kifuniko ili wakae gizani. Usiwalishe siku moja kabla ya safari. Safiri alfajiri. Ukifika, acha mfuko uelee juu ya tangi kwa dakika 20, kisha ongeza kikombe cha maji ya tangi ndani ya mfuko kila baada ya dakika tano hadi maji yawe maradufu. Watoe samaki kwa kikapu kidogo cha wavu. Yale maji ya safari yamwage nje. Zima taa, waache hadi kesho.

Chakula kipo jikoni. Dagaa wa ziwani waliokaushwa juani bila chumvi, wakisagwa laini, ni chakula kamili kwa samaki hawa. Ongeza mchicha uliochemshwa na kukatwakatwa mara moja kwa wiki, na viluwiluwi vya mbu kila unapovipata kwenye ndoo ya mvua. Wape kiasi wanachomaliza kwa dakika mbili, mara moja au mbili kwa siku, na siku moja ya wiki usiwape kitu. Wageni wote wa kazi hii hulisha kupita kiasi, kwa upendo, na dagaa wana mafuta yanayotanda juu ya maji na kuzuia hewa. Ukiona utando, lazia karatasi safi juu ya maji na uivute, itatoka nao.

Kila wiki toa robo ya maji kwa mpira, ukinyonya uchafu ulio juu ya mchanga, na urudishe maji yaliyolazwa. Kuongeza tu yale yaliyokauka hakutoshi, kwa sababu maji hupaa na chumvi zake hubaki, na katika ukavu wetu maji hupaa kwa kasi. Sponji ikamue mara moja kwa mwezi ndani ya maji ya tangi uliyoyatoa. Ukiiosha kwa maji ya bomba, klorini itaua bakteria uliowalea wiki tano, na utakuwa umerudi mwanzo. Maji ya zamani mwagia mchicha bustanini, yana mbolea.

Baada ya miezi michache utaona dume limechimba shimo mchangani na kuanza kutetemeka mbele ya jike. Jike litataga, litageuka na kuyachukua mayai mdomoni, na kuanzia hapo halitakula kwa siku kumi hadi kumi na nne. Koo litavimba. Usilikimbize, usibadilishe maji mengi, na kama dume linalisumbua, hamisha dume. Vitoto vikitoka, mama huviacha vizurure, na kitu kikivitisha hufungua mdomo navyo huingia vyote. Mpango huo hudumu siku chache tu. Baada ya hapo kila kitoto kinajitegemea, na chakula chake cha kwanza ni unga wa dagaa uliochekechwa kwenye kitambaa, au kiini cha yai lililochemshwa, kiasi cha ncha ya kijiti.

Mzao mmoja unaweza kukupa makumi ya vitoto, na tangi la lita 51 haliwezi kuwakuza wote. Panga mapema watakwenda wapi: kwa jirani mwenye tangi, kwa mwalimu wa bayolojia wa sekondari iliyo karibu, kwa mtoto ambaye umeshamsaidia kuandaa maji yake kwa wiki tano. Usiwamwage lamboni, wala mtoni, wala usiwarudishe ziwani baada ya kuishi na samaki wa kigeni na magonjwa yao. Ngege wa asili wa Victoria alisukumwa pembeni na sato, na sato aliletwa na watu waliodhani wanaliongezea ziwa neema. Gapi mmoja wa kike anaweza kuwa amebeba mbegu ya kutosha kuanzisha kizazi. Ukishindwa kabisa kupata wa kuwachukua, tenganisha dume na majike kwa kipande cha kioo katikati ya tangi, na uzao utasimama hadi utakapopata nafasi.